Majani Makavu ya Upare

Katika milima ya Upare majani yamekuwa yakibanwa kati ya karatasi tangu enzi za Wajerumani, lakini si kwa ajili ya pambo. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na desturi ya kukusanya majani yaliyogeuka rangi kabla ya baridi, kuyakausha ndani ya vitabu vizito, kisha kuyabandika kwenye visanduku na kuyapaka vanishi. Upare hauna majira ya majani kugeuka rangi hivyo. Miti mingi ya nyika ya Same hupukutika kiangazi, na msitu wa Shengena, ambako kilele kinapita mita 2,400, ni wa kijani mwaka mzima. Jani la Upare lilikaushwa ili litambuliwe, na sanduku lake lilikuwa la hebaria, yaani maktaba ya mimea mikavu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Hukatwa tawi lenye ua au tunda, kwa kuwa majani matupu hayatoshi kutofautisha mimea inayofanana. Hutandazwa ndani ya gazeti, likawekewa karatasi za kunyonya maji juu na chini, kisha rundo zima likabanwa kwa mbao na mikanda. Kwenye ukungu wa mlimani karatasi hizo hubadilishwa kila siku, la sivyo kuvu hula kila kitu. Ndiyo maana wakusanyaji wengi walibeba jiko la kukaushia. Likishakauka, tawi hubandikwa kwenye karatasi nene na kuwekewa lebo: mahali, mwinuko, tarehe, na rangi ya ua, kwa sababu rangi ndiyo hupotea kwanza. Lebo nzuri huwa na jina la kienyeji pia. Mwenyeji aliyelitaja jina hilo, na mara nyingi ndiye aliyejua mti ulipo, kwa kawaida hakuandikwa.

Kituo kikubwa cha utafiti cha karibu kilikuwa Amani, Usambara Mashariki, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kufikia mwaka 1912 reli ya kutoka Tanga ilikuwa imepita Same hadi Moshi, na mizigo ya karatasi ikaacha kutegemea mabega ya wapagazi peke yake. Nakala nyingine zilipelekwa Berlin, kwa Adolf Engler na wenzake, ambao waliipa mimea mingi ya Afrika Mashariki majina ya kisayansi. Mabomu ya Machi 1943 yakaiteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin. Hapo ndipo tabia ya wakusanyaji ya kukata matawi kadhaa ya mmea mmoja na kuyagawa, ambayo huenda mpagazi aliiona kuwa mzigo wa bure, ilipoonyesha faida yake: pale nakala ilipobaki kwingine, ushahidi haukupotea.

Wakati wa Waingereza, P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani, alitunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, toleo la pili likiwa la mwaka 1940. Mwaka 1950 hebaria ya Amani ilihamishiwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa hadi 1983, mtafiti wa Tanzania akawa ametengwa na majani yaliyochumwa kwake. Hebaria za Lushoto, Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziliziba sehemu ya pengo hilo.

Karatasi hizo zote, za Nairobi, Uingereza na kwingineko, ndizo zilizotumika kuandika orodha kuu ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miongoni mwazo imo Streptocarpus parensis, mmea wa maua uliopewa jina la milima hii. Siku hizi mkusanyaji hutia pia kipande cha jani kwenye mfuko wa chembe za silika kwa ajili ya vipimo vya DNA, na karatasi nyingi za zamani zimepigwa picha zionekane kwenye intaneti.