Mlango wa Nyumba na Mkono wa Dola: Vijana na Familia katika Riwaya za Zanzibar

Tukizungumzia upinzani dhidi ya dola katika riwaya, sisi wanafunzi wa fasihi macho yetu hukimbilia bandarini, shambani na katika tawi la chama. Ndivyo tulivyozoea. Tunamtafuta mnyonge, tunamtafuta mnyonyaji, tunatia mstari pale wanapogongana, kisha tunaandika kwamba mwandishi amefaulu au hakufaulu kuuchora mgongano wa kitabaka. Sina ugomvi na usomaji huo, kwani ndio uliotulea. Lakini una upungufu wake: unaiacha nyumba nje, kana kwamba mambo ya mume na mke, mzazi na mwana, ni ya barazani tu na siasa iko kwingine.

Katika makala hii nataka kupita mlango huo wa nyumba. Hoja yangu ni kwamba katika riwaya zinazoihusu Zanzibar, utawala dhalimu humfikia kijana kupitia jamaa zake, na kijana naye huanza kuupinga utawala pale anapoamua afanye nini na jamaa hao. Nitatumia kazi tatu za Adam Shafi, yaani Kuli (1979), Vuta n'kuvute (1999) na Haini (2003), pamoja na Gravel Heart (2017) ya Abdulrazak Gurnah. Hii ya mwisho imeandikwa kwa Kiingereza, lakini mambo yake ni ya visiwa vile vile. Nazipanga kwa kufuata wakati zinaouzungumzia, maana nia yangu ni ya kihistoria.

Tuanze na enzi ya Mwingereza. Mwaka 1948 makuli wa bandari ya Zanzibar waligoma, na mgomo wao ukaenea mjini ukawa mgomo wa wafanyakazi wengi. Hili ni tukio la kweli, na ndilo Adam Shafi analolijenga upya katika Kuli. Rashidi ni mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli. Hapo wahakiki husimama na kusema: tazama, tabaka linajizalisha. Sawa. Lakini hebu tujiulize linajizalisha wapi. Si bandarini, ni nyumbani! Umaskini ndio urithi anaoachiwa kijana huyu, na kabla hajaonana na mzungu yeyote wa bandarini amekwisha kuonana na njaa ya kwao. Mwamko anaoupata kwa wenzake wa kazini una maana kwake kwa sababu unampa jibu la swali alilotoka nalo nyumbani: kwa nini sisi tuko hivi?

Vuta n'kuvute inakwenda mbali zaidi. Yasmin, binti wa Kihindi ambaye bado ni mdogo, anaozwa kwa Raza, mzee wa kumzaa. Anapelekwa Mombasa, ndoa inamshinda, anatoroka na kurudi Unguja. Wazazi wake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili asiye na mali wala cheo. Ni kwa Mwajuma ndiko njia yake inakokutana na ya Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi na ambaye polisi wa mkoloni, Inspekta Wright na Koplo Matata, wanamwandama kwa sababu ya siasa zake na maandishi yaliyopigwa marufuku.

Wapo wanaosema kwamba riwaya hii ina hadithi mbili zilizoshonwa pamoja, ya mapenzi ya Yasmin na ya siasa za Denge, na kwamba mshono unaonekana. Kwenye semina yetu hoja hii ilitolewa kwa nguvu sana. Mimi siioni hivyo. Utawala wa Kiingereza uliwapanga watu wa Unguja kwa asili zao, na mpango huo usingesimama kwa polisi peke yao. Ulihitaji wazazi wa kuulinda. Baba anayemkataa binti yake kwa kuwa ameivunja heshima ya jamaa zake anafanya kazi ambayo Inspekta Wright hawezi kuifanya, hata angekuwa na askari mia. Basi Yasmin anapolala kwa Mwajuma ameshavunja sheria moja ya dola kabla hajajua kwamba ni sheria. Siasa haikushonewa kwenye mapenzi. Ilikuwamo tangu siku ile ya harusi. Nadhani ndiyo maana hadithi hii bado ina nguvu, hata Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021.

Tukumbuke pia kwamba katika riwaya hizi mbili kijana ana pa kwenda. Rashidi ana makuli wenzake, Yasmin ana Mwajuma. Ukoo wa damu ukifunga mlango, upo ukoo mwingine, wa mapambano, unaofungua. Hayo ndiyo matumaini ya miaka ile ya kudai uhuru, na mwandishi hayaonei haya.

Sasa tuvuke mwaka 1964. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari yaliung'oa utawala wa Sultani, uliokuwa umekabidhiwa uhuru mwezi mmoja tu kabla. Wengi waliyapokea kama ukombozi, na ardhi iligawiwa watu ambao hawakuwahi kumiliki hata mkarafuu mmoja. Hilo lisemwe wazi. Lakini mkono uliogawa ardhi ndio uliokuja kuingia majumbani. Mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na jamaa za kiume za wasichana hao wakakamatwa. Ndoa ya lazima, ile ile ambayo Yasmin aliikimbia kwa wazazi wake, sasa inatolewa na serikali! Mtu akiniambia tena kwamba ndoa si suala la siasa katika fasihi ya Zanzibar, nitamtajia mwaka huo.

Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi. Watu wengi walikamatwa, na kesi ya uhaini iliyofuata iliendeshwa bila washitakiwa kuwa na mawakili. Adam Shafi mwenyewe alionja jela ya wakati huo, na Haini, iliyotoka zaidi ya miaka thelathini baadaye, imezaliwa humo. Hamza, mhusika wake mkuu, anatiwa ndani na kuteswa. Hapa hakuna tena Mwajuma wa kumfungulia mtu mlango, kwa kuwa milango yote iko mikononi mwa serikali. Wenzake wa jana wanageuzwa mashahidi wa leo. Ule ukoo wa mapambano uliowaokoa Rashidi na Yasmin umevunjwa na watu waliojiita wana wa mapambano hayo hayo.

Basi kinachobaki ni nini? Ni ile familia ya damu tuliyoidharau. Kwa mke wa mfungwa, kutomkana mumewe, kuendelea kuulizia habari zake, kuwaambia watoto kwamba baba yao si haini, ni kazi ya hatari. Haina bendera wala hotuba, na kwa vigezo tulivyozoea tungemwita mwanamke huyo mhusika bapa asiye na mwamko. Mimi nasema anapinga.

Gurnah anaukoroga mjadala huu. Katika Gravel Heart ndugu wa Saida, kijana Amir, anakamatwa, na kigogo mwenye uwezo wa kumtoa anataka alipwe kwa mwili wa Saida. Saida anakubali. Mumewe, Masud, anaihama nyumba na kwenda kuishi katika chumba nyuma ya duka. Mtoto wao, Salim, anakua bila kuambiwa kitu. Anajua tu kwamba lazima ampelekee baba yake kikapu cha chakula alichopikiwa na mama yake.

Jina la riwaya limetoka katika tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure, ambamo dada anatakiwa alipe bei hiyo hiyo kumwokoa kaka. Kule dada anakataa, na mtawala aliyejibadilisha sura anarudi kunyoosha mambo. Katika kisiwa cha Gurnah hakuna mtawala mwema aliyejificha pembeni akingoja kurudi. Hapo ndipo historia inapomkosoa Shakespeare.

Mwenzangu mmoja ataniuliza: huo nao ni upinzani? Si kusalimu amri? Swali ni la haki, na sitalikwepa. Saida haiangushi serikali. Anachofanya ni kuikatalia roho ya ndugu yake, kwa bei ambayo serikali yenyewe imeipanga ili hata akishinda awe ameshindwa. Lakini kile kikapu cha kila siku ni ushahidi kwamba dola haikuimaliza nyumba ile. Imeivunja vipande viwili, navyo vipande vinaendelea kulishana. Kwa kijana kama Salim, uasi wa kwanza ni kuuliza kisa cha kikapu, na inamchukua miaka mingi, na safari ya London, kabla ya kukisikia kisa hicho kinywani mwa baba yake.

Tukizisoma riwaya hizi kwa mfululizo, tunaona kwamba njia ya kijana imegeuka. Enzi ya mkoloni aliasi kwa kutoka nyumbani. Baada ya 1964 anaasi kwa kurudi nyumbani kuuliza yaliyofichwa. Wahakiki tuliobaki bandarini tukingoja mgomo mwingine hatukuwaona wanaorudi.

Na hili si jambo la darasani tu. Waliokuwa watoto mwaka 1972 leo ni wazee, na yaliyowapata jamaa zao ni machache yaliyoandikwa, mengi yamebaki kunong'onwa. Riwaya si hati ya mahakama, na mhusika wa kubuni hawezi kumfidia aliyepotea. Lakini inampa msomaji kijana swali la kwenda nalo kwao, wakati wa kulijibu wangalipo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nawaomba wenzangu wa fasihi tufungue tuingie.