Milima ya Matogoro

Milima ya Matogoro ni safu ndogo ya milima iliyoko upande wa mashariki wa mji wa Songea, Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Jina hilohilo ni la kata mojawapo ya Manispaa ya Songea. Si milima mirefu, lakini ni muhimu kwa sababu ndiko unakoanzia Mto Ruvuma, ulioupa mkoa jina lake.

== Vyanzo vya maji ==
Kutoka Matogoro, Mto Ruvuma huelekea kwanza magharibi, kisha hugeuka kusini hadi mpaka wa Msumbiji. Hapo hufuata mpaka kuelekea mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Urefu wake wote ni takriban kilomita 800.

Mito Luegu na Luhira pia huanzia katika milima hii. Luegu hutiririka kuelekea kaskazini, na unapokutana na Mto Kilombero ndipo huanza Mto Rufiji. Hivyo maji ya mvua yanayonyesha juu ya milima hii midogo hulisha mito miwili mikubwa ya Tanzania.

== Uhifadhi ==
Miteremko ina misitu ya miombo na sehemu zake ni hifadhi ya msitu. Kilimo kwenye vyanzo vya maji, ukataji miti na moto wa kiangazi huharibu uoto. Udongo ukibaki wazi, maji ya mvua hutiririka haraka badala ya kuzama ardhini, na vijito hupungua wakati wa kiangazi. Athari yake huwafikia wakazi wa Songea, wanaotegemea maji ya vijito hivyo.

== Maeneo ya kutembelea ==
Wanaopanda Matogoro huweza kuunganisha safari na sehemu nyingine za karibu:
* Makumbusho ya Majimaji, mjini Songea, panapokumbukwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mji wenyewe una jina la mmoja wao, Nduna Songea Mbano.
* Chandamali, penye mapango ambako inasimuliwa kuwa Songea Mbano alijificha wakati wa vita.
* Bustani ya wanyamapori ya Luhira, ndani ya manispaa.
* Peramiho, magharibi mwa mji, yenye abasia ya Wabenedikto iliyoanzishwa kama misheni mwaka 1898.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi kizuri cha kupanda, kwa kuwa wakati wa masika njia huteleza.