Barabara ya Thika Huanzia Kotile

Ukiuliza historia ya elimu maalum nchini Kenya, utaelekezwa kwenye ripoti: Ominde, Gachathi, Kamunge, Koech, Kochung. Ripoti hizo zina uzito wake. Hata hivyo historia hiyo hiyo imejipanga pia kando ya barabara moja, ile itokayo Garissa ikapita Mwingi na Thika hadi Nairobi, na mwalimu yeyote wa kaskazini mashariki aliyewahi kwenda kusomea ualimu wa watoto wenye ulemavu ameipita yote kwa basi, pengine akiwa amesinzia. Nimeifuata barabara hiyo nikianzia huku isikofika lami, Kotile.

Kotile ni mji mdogo wa Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa Mto Tana. Wenyeji wengi ni wafugaji wa Kisomali. Ng'ambo ya mto ni Tana River, kwa Wapokomo na mashamba yao. Watu wa mbali wakilitaja jina la Kotile, aghalabu ni kwa ajili ya hirola, swala adimu anayelindwa katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini. Hirola ametafutiwa wafadhili, akazungushiwa ua, akahesabiwa mmoja mmoja. Laiti mtoto kiziwi wa pande hizo naye angehesabiwa kwa bidii ile.

Shule ya serikali ilipofika huku iliikuta dugsi, chuo cha Qurani, na dugsi ingali ipo. Watoto huketi chini na loho zao za mti, huandika aya, huikariri mpaka iingie, kisha hufuta na kuandika nyingine. Ni elimu ya sikio na ulimi. Ndiyo maana kipofu hana tatizo nayo: atakaa na wenzake, atasikiliza, atahifadhi, na akifika mwisho ataitwa hafidhi na kuheshimiwa kama mwenye macho. Kila maalim anaijua sura ya themanini, Abasa, na kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu aliyemjia Mtume kutafuta elimu. Naona hapa dugsi ilitangulia wizara kwa karne kadhaa. Shule ya karatasi ndiyo iliyomfanya kipofu awe tatizo, maana iliweka maarifa yote mahali panapohitaji jicho. Kwa kiziwi mambo hugeuka. Sikio likifunga, dugsi nayo hufunga, na shule ya karatasi, ambayo ingeweza kumfaa, haimfai mpaka apatikane mtu wa kumwekea ishara mkononi kabla ya herufi ubaoni. Mtu huyo hufunzwa mbali.

Kutoka Kotile hadi mji wa Garissa ni safari ya vumbi wakati wa kiangazi na ya majaliwa wakati wa mvua. Garissa kulikuwa na chuo cha ualimu ambacho kwa miaka mingi kilitoa walimu wa cheti cha P1, ambao ndio waliozishikilia shule za msingi za mkoa. Mwaka 2011 majengo yake yakawa chuo kikuu kishiriki chini ya Moi, na watu wakasema sasa digrii imefika nyumbani. Aprili 2, 2015, magaidi wa al-Shabaab waliingia alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Kwa muda mrefu baadaye mzazi wa bara hakutaka hata kulisikia jina la Garissa, sembuse kumpeleka mwanawe kusoma huko.

Ukitoka mjini kuelekea Nairobi unavuka daraja la Tana, na hapo abiria huambiwa watoe vitambulisho. Walioishi Garissa wanalijua daraja hilo kuliko wanavyoijua katiba. Chini ya sheria za kikoloni zilizoitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulikuja na vita vya Shifta, vilivyodumu hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizoondolewa mwaka 1991 tu. Sheria hizo zikiwa bado zinatumika, mwishoni mwa 1989, Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuhojiwa uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya waridi ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Basi mwalimu kijana wa miaka hiyo, kabla ya kuulizwa kama ana alama za kuingia chuoni, aliulizwa kwanza kama ni mtu wa nchi hii. Mambo haya huwekwa katika vitabu vya siasa. Mimi nayaweka pia katika historia ya ualimu, kwa sababu yanaeleza kwa nini walimu waliobobea wa mkoa huu walianza kupatikana wakiwa wamechelewa hivyo.

Baada ya daraja ni nyika ndefu, kisha Mwingi, chai na mkate, na abiria hunyoosha miguu. Mwingi iko Kaunti ya Kitui, na Kitui ndiko alikotoka Ngala Mwendwa, waziri aliyeongoza kamati ya mwaka 1964 kuhusu malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu. Kamati yake ilizaa Waraka wa Serikali Nambari 5 wa 1968. Kabla ya hapo shughuli yote ilikuwa mikononi mwa makanisa na wahisani, na serikali ilitazama tu kwa mbali. Wakati kamati hiyo inaketi, kaskazini mashariki risasi zilikuwa zinalia. Sitaki kuunganisha mambo mawili kwa nguvu, ila mtoto wa Ijara aliyezaliwa haoni mwaka ule alikuwa mbali na waraka kwa kila maana ya neno mbali.

Thika ndiko kwenye mzizi wenyewe. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha hapo shule ya wasioona, likiwa limeanza kwa kuwahudumia askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Jambo hili linastahili kufikiriwa kidogo. Vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana Uhabeshi na Burma, wengine wakarudi bila macho, na deni lile ndilo lililozaa darasa la kwanza. Mwaka 1962 jeshi lile lile lilifungua Joytown kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, hapo hapo Thika, na 1967 ikaja shule ya upili ya wasioona. Kwa viziwi mwanzo ulikuwa magharibi, Nyang'oma na Mumias, mwaka 1961, chini ya Wakatoliki. Huko watoto walilazimishwa kusoma midomo na kutoa sauti, na ishara zilikatazwa darasani. Walizitumia bwenini, walimu wakishalala. Ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ya Machakos kuanza kufundisha kwa ishara waziwazi, mwaka 1986, na mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza mradi wa kuichunguza Lugha ya Ishara ya Kenya kama lugha kamili. Leo Katiba ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lugha ya bweni imeingia Bungeni, na ni mabadiliko makubwa kuliko mengi tunayoyashangilia.

Ila shule zilitangulia mafunzo. Kwa miaka mingi aliyetaka kusomea kazi hii kwa kina alipanda ndege kwenda Uingereza, na waliobaki walijifunza kwa kumtazama mwenzao. Mwalimu alipewa darasa la vipofu kwanza, nukta nundu alijifunza baadaye, tena usiku.

Kutoka Thika lami hupanuka na magari hukimbia. Unafika Kahawa, ambako Waingereza waliikabidhi serikali changa kambi yao ya Templer mwaka 1965, ikageuzwa chuo cha ualimu na, mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapo ndipo ilipo idara ya elimu ya mahitaji maalum, kuanzia shahada ya kwanza hadi uzamili na uzamivu. Maseno nayo ina yake, na kutoka huko alitoka Dakta Kochung, aliyeongoza kikosi kazi cha mwaka 2003, elimu ya msingi bila malipo ilipoanza na watoto wenye ulemavu wakamiminika milangoni pamoja na wenzao. Vituo vidogo viwili mbele ya Kahawa ni Kasarani, kwenye Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa kwa tangazo la serikali Februari 1986 na kujengwa kwa msaada wa Denmark. Wadenmark hao hao walikuwa wamesaidia, kuanzia 1984, kufungua vituo vya kupima watoto wilayani, ili mtoto ajulikane ana shida gani kabla ya kupelekwa popote.

Upimaji ndio moyo wa mafunzo ya juu, na ndipo ninapotaka kukawia. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kumpima mtoto, kumwandikia mpango wake binafsi wa elimu, kuufuatilia, na kufanya utafiti wake mwenyewe. Sasa mchukue mtoto wa miaka minane wa Kotile. Nyumbani ni Kisomali, dugsini ni Kiarabu, shuleni ni Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Ukame ukija, familia huhama na mifugo na yeye hukosa muhula mzima. Mkalishe mbele ya mpimaji asiyejua Kisomali, mwenye maswali yaliyotungwa kwa mtoto wa mjini, naye atatoka na jina la mzito wa kuelewa. Kuna uwezekano ana akili kama wembe na sikio moja lililooza usaha tangu utotoni bila dawa. Au kweli ana ulemavu wa akili, na mpimaji mwenye huruma akadhani ni lugha tu. Makosa yote mawili humgharimu mtoto miaka. Kuyatenganisha kunahitaji mtu aliyesoma sana na anayejua Kisomali, anayejua pia msimu wa malisho. Watu wenye sifa zote tatu ni wachache, na Kahawa inaweza kutoa ya kwanza peke yake.

Nchi ilijaribu kuziba pengo kwa kutuma walimu kutoka bara, na kwa muda mrefu mpango huo ulifanya kazi vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Ulivunjika Novemba 2014, magaidi waliposimamisha basi Mandera na kuua abiria 28, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Wenzao walipiga kambi kwenye makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu wakidai uhamisho. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na tume ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji. Nani awalaumu? Lakini mwalimu wa hesabu akiondoka, mwingine anayejua hesabu atalishika darasa, hata kwa kubabaisha. Mwalimu pekee anayejua ishara akiondoka, huondoka na lugha yote ya darasa.

Kwa hiyo tegemeo limebaki kwa mwenyeji, na mwenyeji hawezi kuiacha familia, mifugo na mshahara akakae Kahawa miaka miwili. Akifanya hivyo, mara nyingi harudi Kotile, na simlaumu pia: mwenye uzamili hutafutwa na vyuo, na kaunti, na mashirika. Tatizo limo katika mpangilio wenyewe, unaomtaka mtu aende mbali kusomea watoto wa karibu.

Mfano wa kinyume chake umo ndani ya kaunti hiyo hiyo. Dadaab, kwenye kambi zilizoanza miaka ya 1991 na 1992, mradi wa elimu ya juu ulioanza 2013 uliwaleta Kenyatta, Moi na vyuo viwili vya Canada, York na British Columbia, kuwafundisha walimu wakimbizi na wenyeji kwenye kituo kilichojengwa mjini Dadaab. Walianza na cheti, wakaendelea na diploma na shahada, na York ikafika hadi uzamili, sehemu darasani na sehemu kwa intaneti. Haukuwa mradi wa elimu maalum, lakini ulithibitisha kwamba chuo kikuu kinaweza kwenda Garissa na kutoa shahada ya kweli. Wakimbizi walipata jambo ambalo mwalimu wa Ijara, raia mwenye kadi zote, bado anapanda basi kulifuata.

KISE nayo iligundua zamani kwamba haiwezi kuwasubiri walimu Kasarani, ikaanzisha masomo ya masafa: mwalimu anabaki kazini, anasoma vitabu vyake, na anakutana na wakufunzi wakati wa likizo. Kati ya njia zote nilizoziona, naiamini hii zaidi. Ila kalenda yake ilitungwa na mtu wa nyanda za juu. Likizo za shule ni Aprili, Agosti na Desemba. Aprili ni masika, na udongo wa Ijara hugeuka gundi. Magari hukwama siku nzima. Mvua za vuli huanza Oktoba, na Desemba mto huwa bado umejaa. Imebaki Agosti. Mwalimu wa Kotile anayetaka kufika kwa wakati katika vikao vingine viwili hulazimika kuondoka kabla shule hazijafungwa, amwombe mwalimu mkuu ruhusa, na darasa lake lile lenye watoto wasioweza kufundishwa na mwingine likae bure wiki ya mwisho. Kikao kimoja cha mwaka kikifanyika Masalani, huko huko Ijara, kwa wakufunzi wawili na Landikruza moja, hesabu hiyo ingebadilika, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kuwasafirisha walimu wote.