Uliza Kwanza, Sema Baadaye

Leo tunazungumza na kijana anayejifunza kuandika, yule anayetembea na daftari na simu, akitaka kutengeneza podikasti, maana yake kipindi cha sauti ambacho mtu hukisikiliza kwenye simu saa anayopenda. Wazazi na wakubwa wa vijiji, sikilizeni pia, kwa sababu watakaoulizwa ni ninyi.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha wenyeji. Aliiandika pamoja na watu waliokuwa wamefanya kazi katika nyumba za Wazungu. Vitabu vya wakoloni vilieleza mabwana. Yeye alieleza wapishi na maboyi.

Baadaye, miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu katika picha zipatazo mia moja. Mtafiti Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alikaa naye na mashine ya kunasa sauti, wakazungumza kwa Kiswahili juu ya picha hizo. Mazungumzo yakatoka katika kitabu mwaka 1996. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 mchoraji huyo hajulikani aliko, lakini maneno yake tunayo. Hii ndiyo faida ya kuuliza na kunasa sauti.

Lakini, ndugu yangu, sauti ni kama moto: hupika chakula, na huchoma nyumba. Kwa majirani zetu wa Rwanda, redio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilichochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Nayo pia ilizungumzia historia, lakini haikutafuta ukweli. Ilitafuta adui.

Basi wewe kijana, ukisikia kambini kwamba kabila fulani ndilo lililochukua mashamba yetu, usikimbilie kurusha neno hilo. Muulize aliyesema: uliona kwa macho, au ulisikia? Siku gani? Mahali gani? Kisha muulize na mzee wa upande wa pili. Wakipingana, sema wazi kwamba wanapingana. Omba ruhusa kabla ya kunasa sauti. Aliyeogopa, usitaje jina lake. Mwisho, msikilizishe mwenyewe maneno yake kabla ya wengine kuyasikia.

Nanyi wakubwa, msimfukuze kijana huyo anayeuliza. Siku ya kurudi nyumbani, mipaka ya mashamba itaulizwa. Mzee anayeijua akifa bila kuulizwa, panga ndiyo itakayojibu.

Amani ikae nanyi.