Filamu ya muziki

Filamu ya muziki ni filamu ambayo wahusika wake huimba, na mara nyingi hucheza dansi, huku nyimbo zikibeba sehemu ya hadithi. Ilishamiri baada ya sauti kuingia katika sinema. Miongoni mwa filamu za mwanzo zenye sauti ni The Jazz Singer ya Marekani, iliyoonyeshwa mwaka 1927.

Wimbo huingizwa katika hadithi kwa njia kuu mbili. Katika ya kwanza, mhusika ni msanii anayeimba jukwaani, kama katika 42nd Street (1933). Katika ya pili, mhusika huacha kuzungumza akaanza kuimba, na wimbo hufichua yaliyo moyoni mwake au husogeza mbele kisa. Katika Singin' in the Rain (1952), Gene Kelly hufunga mwavuli, akaimba huku akirusharusha maji ya madimbwi. Mtazamaji huelewa bila kuambiwa kwamba mhusika amezama katika mapenzi.

Nchini India, Alam Ara (1931), filamu ya kwanza ya huko yenye mazungumzo, ilikuwa na nyimbo saba. Baadaye waimbaji kama Lata Mangeshkar walirekodi nyimbo studioni, nao waigizaji wakazifuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Filamu hizo zilipendwa Zanzibar na Mombasa, na baadhi ya mahadhi yake yaliingia katika taarab.