Malagarasi-Muyovozi kutoka angani: Mambo ya kufahamu kabla ya kukodi helikopta

KWA Watanzania wengi, helikopta ni chombo cha kampeni za uchaguzi. Sura hiyo ilijengeka hasa mwaka 2005, pale Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA) kilipoitumia kumzungusha mgombea wake wa urais, Freeman Mbowe, katika mikutano ya hadhara. Hata hivyo, duniani kote helikopta ina kazi nyingine iliyozoeleka: kuwapandisha watalii angani ili watazame kwa dakika chache kile ambacho kwa miguu au kwa gari kingewachukua siku kadhaa.

Katika mkoa wa Kigoma, eneo linalostahili kutazamwa kwa namna hiyo kuliko mengine ni ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayotandaa upande wa mashariki wa nyanda za juu za Kakonko, Kibondo na Kasulu. Makala haya yanaeleza kilichopo huko, jinsi safari ya namna hiyo inavyopangwa, hatari zake, na swali gumu la nani hasa hunufaika nayo.

Eneo lenyewe

Malagarasi-Muyovozi lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa, mwezi Aprili mwaka 2000, katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo ulipewa jina la mji wa Ramsar nchini Iran, ulikosainiwa Februari 2, 1971. Eneo hilo lina ukubwa wa hekta 3,250,000, yaani kilomita za mraba 32,500. Kwa kulinganisha, ni kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi iliyo jirani.

Ndani ya eneo hilo, maziwa na maji ya wazi wakati wa kiangazi huchukua takriban hekta 250,000, na kinamasi cha kudumu cha mafunjo takriban hekta 200,000. Pembezoni mwake kuna mbuga zinazofurika wakati wa mvua, ambazo upana wake hubadilika mwaka hadi mwaka na unaweza kufikia hekta milioni 1.5. Kuzunguka yote hayo kuna misitu ya miombo.

Uti wa mgongo wa eneo hilo ni Mto Malagarasi. Mto huu huanzia katika nyanda za juu za mpakani mwa Tanzania na Burundi, hufuata mpaka kuelekea kaskazini-mashariki, kisha hugeuka kusini na kushuka bondeni, ambako hukutana na maji ya Moyowosi, Igombe na Ugalla. Baada ya hapo huelekea magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Upinde huo mkubwa hauonekani kwa mtu aliyesimama ardhini. Ukingoni mwa kinamasi, mafunjo humzidi mtu kimo na humfungia upeo wa macho. Ndiyo sababu ya kwanza ya watu kutamani kulitazama bonde hilo kutoka juu.

Sababu ya pili ni wanyama na ndege. Humo wamo tembo, nyati, viboko, mamba, nyamera, palahala na nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea kwenye tope. Yumo pia korongo nyangumi, ndege mkubwa wa rangi ya kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayetafutwa na wapenzi wa ndege kutoka pande zote za dunia.

Kutazama kutoka juu si jambo geni

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kutazamwa kutoka angani. Mwezi Januari 1930, rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Mlima Kilimanjaro na kuupiga picha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitumia ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia kuwahesabu wanyama wa Serengeti. Januari 10, 1959, ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akapoteza maisha. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro.

Kuhesabu wanyama kutoka angani kumeendelea kuwa nyenzo muhimu ya uhifadhi. Sensa ya mwaka 2014, ambayo matokeo yake yalitangazwa na Serikali mwaka 2015, ilionyesha kuwa tembo wa Tanzania walikuwa wamepungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000, hasa kutokana na ujangili. Bila marubani na wahesabuji wao, ukubwa wa janga hilo usingefahamika kwa usahihi huo.

Jinsi safari inavyopangwa

Kakonko si kituo cha safari za helikopta za utalii. Anayetaka safari hiyo hukodi chombo kutoka mji mwingine, na hapo ndipo umbali unapokuwa jambo la msingi. Kutoka Arusha hadi Kakonko kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 600. Kutoka Mwanza au Kigoma mjini ni zaidi kidogo ya kilomita 200. Helikopta ndogo huenda kwa mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa, na mkodishaji hutoza kwa saa za kuruka, zikiwamo za kuja na kurudi tupu. Kwa hesabu hiyo, anayeileta helikopta kutoka Arusha hulipia zaidi ya saa sita kabla hata ya kuanza kuutazama Mto Malagarasi. Helikopta nyingi ndogo haziwezi kumaliza njia hiyo bila kuongeza mafuta, hivyo mahali pa kuyapata lazima papangwe mapema.

Njia iliyo nafuu zaidi ni ndege ndogo ya mabawa ya kawaida. Kibondo na Kasulu zina viwanja vidogo vya ndege, na ndege ambayo mabawa yake yako juu ya madirisha humpa abiria nafasi nzuri ya kutazama chini. Kinachokosekana ni uwezo wa helikopta wa kwenda polepole, kusimama hewani na kutua mahali padogo.

Kuhusu majira, miezi ya Mei na Juni ndiyo yenye mandhari bora. Mvua huwa zimekwisha, mbuga bado zina maji mengi, na hewa ni safi. Kuanzia Agosti, moto wa misituni hujaza anga moshi na kupunguza uwezo wa kuona mbali. Asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa kuwa hewa huwa tulivu. Isitoshe, Kakonko iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko ikipata joto huwa nyepesi, hali inayopunguza nguvu ya mapanga ya helikopta ya kuinua mzigo. Kwa sababu hiyo rubani hulazimika kuwapima abiria uzito kabla ya kupakia, na hapaswi kubembelezwa aongeze mtu mmoja zaidi.

Sheria na usalama

Usafiri wa anga nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kampuni inayobeba abiria kwa malipo lazima iwe na cheti cha kuendesha biashara hiyo, na rubani awe na leseni inayomruhusu kuendesha aina husika ya chombo. Mapori ya akiba, likiwamo Moyowosi, yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na kuingia humo ni kwa kibali.

Tahadhari hizo zina sababu. Oktoba 15, 2015, helikopta ilianguka katika Pori la Akiba la Selous na kuwaua watu wote wanne waliokuwamo, akiwamo aliyekuwa Mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe. Machi 3, 2019, helikopta ilianguka katika kisiwa cha kati cha Ziwa Turkana nchini Kenya, wakafa rubani na Wamarekani wanne. Aprili 10, 2025, helikopta ya watalii ilianguka katika Mto Hudson jijini New York na kuua watu sita.

Katika ardhioevu kama Malagarasi-Muyovozi, hatari huongezwa na mambo matatu. La kwanza ni ndege wakubwa, ambao mgongano nao unaweza kuangusha chombo, kama ilivyotokea Serengeti mwaka 1959. La pili ni uhaba wa mahali pa kutua kwa dharura juu ya mafunjo na maji. La tatu ni umbali wa msaada. Abiria ana haki ya kuuliza kama kuna makoti ya kuokolea maishani, kama rubani ana simu ya setilaiti, na ni nani ardhini anayejua njia na saa ya kurejea. Asipojibiwa kwa uwazi, asipande.

Nani anufaike?

Mwaka 1986, ndege na helikopta za watalii ziligongana juu ya korongo la Grand Canyon nchini Marekani na kuua watu 25. Mwaka uliofuata, nchi hiyo ilitunga sheria iliyoweka sehemu zisizoruhusiwa kurukwa na kimo cha chini cha kuruka. Sheria hiyo ililenga usalama na pia utulivu wa hifadhi.

Kwa Malagarasi-Muyovozi, suala la utulivu lina uzito wa pekee. Korongo nyangumi hujenga kiota chake maji yanapoanza kupungua, yaani karibu na wakati ule ule mandhari yanapopendeza zaidi kutoka angani. Ni ndege mwoga wa kusumbuliwa, na mzazi akiruka na kuliacha yai juani, upotevu huo hauwezi kufidiwa na ada yoyote. Anayekodi helikopta anaweza kupunguza madhara kwa kumtaka rubani abaki juu, asizunguke mara kwa mara mahali pamoja, na asishuke ili ndege waruke kwa ajili ya picha.

Lipo pia suala la wananchi. Kakonko, iliyokuwa sehemu ya Kibondo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, ni makazi ya Waha, wakulima na wafugaji wa nyuki. Kwa miaka mingi eneo hilo limebeba pia mzigo wa kuwahifadhi wakimbizi kutoka Burundi. Kambi ya Mtendeli, iliyofunguliwa mwaka 2016, ilifungwa mwaka 2021. Wakazi hao ndio wanaozuiwa kuingia hifadhini bila kibali kukata kuni, kuvua au kulisha mifugo. Helikopta inayotoka mbali, ikapita juu ya vijiji vyao na kurejea ilikotoka siku hiyo hiyo, haiwaachii chochote zaidi ya mngurumo.

Hali hiyo inaweza kubadilika iwapo mgeni atalala Kakonko au Kibondo, akaajiri mwongozaji wa hapo, akanunua asali, na kutumia siku ya pili kwenye mtumbwi au kwa miguu. Barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu, iliyojengwa kwa lami kwa awamu, imerahisisha safari hiyo kuliko ilivyokuwa zamani. Saa moja ya angani humwonyesha mtu ukubwa wa bonde, lakini korongo nyangumi aliyesimama kimya kwenye mafunjo akisubiri samaki huonekana vizuri zaidi kwa yule aliye chini, mwenye subira.