Barabara ya Pugu

Wazee wa Dar es Salaam bado wanaiita Barabara ya Pugu, hata kama kibao kinasema Nyerere. Majina yote mawili inayastahili. Jumamosi moja ya Kwaresima tuliishika kwa miguu, wanajumuiya wapata ishirini, tukienda hija Pugu, tukianzia Gongo la Mboto kabla hakujapambazuka. Malori ya ng'ombe wa mnadani yalitupita kwa vumbi. Mbele yangu alitembea mama mmoja wa umri wa mama yangu mzazi, kajitanda kitenge cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ndala kazishika mkononi.

"Shikamoo mama. Mbona pekupeku?"

"Marahaba mwanangu. Kuna watu walipita hapa pekupeku, na hawakupenda."

Nilinyamaza. Nilidhani tunakwenda kuwakumbuka wamisionari watatu tu.

Januari 1888 Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Ujerumani, waliteremka Dar es Salaam wakiongozwa na Padre Bonifatius Fleschutz: mabruda na masista ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari ya kwetu, wala homa yake. Wakapanda vilima vya Pugu, nchi ya Wazaramo, wakajenga. Agosti mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kwa mkataba wake na Sultani wa Zanzibar, ikaanza kushika forodha na utawala wa mwambao. Pangani bendera yake ilipandishwa kwa ubabe, watu wakachemka, vita vikazuka, na Abushiri bin Salim akawa jina la vita vile.

Misheni ya Pugu ilikuwa ya Wajerumani. Tena ilikuwa imewapokea watumwa waliokombolewa, jambo lililowachoma waliokuwa wakiishi kwa biashara ile. Machoni pa waliochukua silaha, msalaba na bendera vilikuwa vimeshuka kwenye meli moja. Siwalaumu kwa kuona hivyo. Mkristo anayesimulia habari za Pugu akairuka sehemu hii, anakula nyama na kuficha mifupa.

Jumapili ya tarehe 13 Januari 1889 misheni ilishambuliwa. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing waliuawa. Wengine walichukuliwa mateka, Sista Benedicta Sievers akiwa mmojawapo, na mwezi wa Machi wakakombolewa kwa fidia. Majengo yakaharibiwa. Wale waliokuwa wamepata hifadhi pale wakapoteza paa kwa mara nyingine, na wao ndio ambao mama yule alikuwa akiwatembelea kwa nyayo zake.

Kinachonishika mimi zaidi ya kifo ni asubuhi iliyofuata. Kufa ni mara moja. Kurudi mahali palipokuumiza ni kila siku. Ingekuwa rahisi wamisionari wapande meli na kwenda zao, na hakuna ambaye angewasuta. Walibaki. Kazi ikaendelea mjini na Kurasini, ambayo leo iko Temeke. Mwaka 1897 wakaanza kulijenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu kando ya bandari, likakamilika 1902. Wakaelekea kusini: Lukuledi 1895, Peramiho 1898. Kisha Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka, Askofu Cassian Spiss akauawa njiani kuelekea Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwaka uliofuata wenzao wakaanzisha Ndanda. Leo mgonjwa wa kusini akizidiwa, ndugu zake humkimbiza Ndanda au Peramiho, na hakuna anayemwuliza anasali wapi. Hiyo ndiyo saburi ninayoielewa: umechomewa nyumba, nawe unakwenda kumjengea mwenzako hospitali.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali tulipoanza kupanda. Mama akaomba tupumzike chini ya mwembe, akasema kwa fahari kwamba hata Mwalimu aliipanda njia hii.

Ni kweli. Baada ya masomo yake Edinburgh, Julius Nyerere alifundisha historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na husimuliwa jinsi alivyokuwa akitembea kwa miguu mpaka mjini kwenye mikutano. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, na aliporudi ikabidi achague: ualimu au siasa. Akaacha mshahara, naye ana mke na watoto. Akarudi kwao Butiama, akawa anajipatia riziki kwa kumfundisha padre wa Maryknoll Kizanaki, kisha akarudi tena Dar es Salaam kuendelea na kazi ya chama.

Naliwaza hili kila nikipita Ukonga, kwenye barabara hii. Mwaka 1889 Pugu ilichomwa kwa kuonekana ni mkono wa mkoloni. Miaka sitini na sita baadaye, kutoka kilima kilekile, katika shule ya wamisionari, akatoka Mkatoliki mwenye rozari yake kwenda kumwambia mkoloni aondoke. Dhana ile ya kwamba msalaba na bendera ni kitu kimoja alikwenda nayo New York na kuiacha hukohuko.

Tulipofika kituo cha hija, mama alitaja majina ya wale watatu, kwa matamshi yake ya Kizaramo. Halafu akasema, "Na waliowaua, nao walikuwa watoto wa watu." Tukaitikia amina. Akanigeukia.

"Na wale watumwa, mwanangu, wewe msomi, majina yao unayo?"

"Sina, mama."

Akafungua chupa yake ya maji, akajimwagia miguuni polepole, kwanza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka vumbi jekundu likaisha. Akavaa ndala. Tukaingia kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba.